Sauti Tisa za Ploti ya Macharia

Malava
11 Mei 2020

Wifi yangu Jebet,

Salamu kutoka huku kwenye matope. Mama anaendelea. Nyonga bado inamuuma akigeuka, lakini jana alikaa kitini akiwatukana kuku mpaka uji wake ukapoa, kwa hiyo najua atapona. Watoto wangu wawili wameshasahau viatu ni nini. Gideon kakako bado amekwama mpakani Malaba na lori lake kwenye foleni ya kupimwa korona, leo siku ya tisa, anasema anaogea maji ya jerikeni nyuma ya gurudumu. Ukienda Burnt Forest kuchukua maziwa, nisalimie Mama mkwe. Mwambie sijakimbia ndoa, nauguza tu.

Sasa niseme kilichonifanya nichukue kalamu. Nikikupigia simu unaniambia, "Ngoja, niko na kastoma," halafu sikupati tena mpaka wiki ijayo. Na bando langu lote ni la darasa. Kwa hiyo nimeweka barua hii juu ya vitabu vya mazoezi vya watoto, kwenye katoni, uisome ukiwa umekaa.

Unajua tangu shule zifungwe ninafundisha Gredi ya Pili kwa simu. Kila asubuhi napanda hadi kwenye posho mill ya kusagia mahindi, ndipo network inashika, natuma ukurasa wa kusoma. Ijumaa mtoto anarekodiwa akisoma ukurasa huo kwa Kiingereza, mzazi ananitumia kwa WhatsApp, natoa alama. Si kazi ya kumshinda mtu. Lakini hapo kwenu Huruma, kwa ploti ya Macharia, kuna watoto tisa wa darasa langu na sijapata hata sauti moja. Tisa! Na mmoja wao ni Linet wako, mpwa wangu mwenyewe. Mkuu wa shule aliniuliza kwenye mkutano wa simu, walimu wote wakisikia, kama nimeshindwa hata na watu wa familia yangu. Nilikata simu kama mwizi.

Nimekasirika, Jebet, na sitaficha. Akademia yetu inataka Kiingereza, mlijua hivyo mkiwaleta watoto. Mkuu amesema waziwazi: shule zikifunguliwa, mtoto ambaye rekodi zake ziko chini ya matarajio atarudishwa Gredi ya Kwanza. Anataka pia nyumbani kuwe na mazingira ya Kiingereza. Saa za masomo mtoto asiongeleshwe Kinandi, Kisomali wala Kiswahili, na nikisikia mzazi akinong'ona nyuma nitakata alama.

Acheni kuchezea masomo ya watoto. Waambie na wenzako.

Wifi yako,
Nanzala


Huruma, Eldoret
2 Juni 2020

Wifi Mwalimu,

Katoni imefika, vitabu vikavu, na ndizi ulizoweka juu zililiwa kabla sijauliza nani amefungua. Asante. Mama Burnt Forest yuko mzima, ng'ombe mmoja amezaa, na ameniagiza nikuulize hiyo nyonga ya mama yako itachukua miezi mingapi. Mimi nimefikisha ujumbe tu, usinipige. Linet ameota meno mawili ya mbele na sasa anatoa amri kwa kila mtu.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa, kama ulivyoagiza. Nilipofika katikati nikasimama. Nani anachezea masomo?

Njoo uone hayo mazingira ya Kiingereza. Ploti ina vyumba kumi na viwili na mfereji mmoja. Kushoto kwangu Okeyo anachomelea milango tangu asubuhi. Kulia kuna Muigai na cherehani tatu na redio. Kwa mama wote wa hao watoto tisa, mwenye simu ya kushika WhatsApp ni mimi peke yangu, na kioo chake kimepasuka nikiosha mikebe ya maziwa. Macharia mwenye ploti anayo kubwa mno, lakini haiachi mkononi, na Brenda wake anakuja kusomea kwa mlango wangu kama wengine.

Na wanasoma nini? Ukurasa wako unasema mtoto alienda ufuoni akajenga kasri la mchanga. Linet akaniuliza kwa Kinandi ufuo ni wapi, nikamwambia ni kama kando ya bwawa. Akaniuliza kwa nini huyo mtu anajenga na mchanga mtupu, simiti imeisha? Lilikuwa swali zuri, Nanzala. Nilitaka kulirekodi nikutumie. Halafu nikakumbuka ni Kinandi, utamkata alama.

Shuleni mlimvalisha kile kibao shingoni kila mtoto aliyesema lugha ya kwao. Linet alikaa nacho siku nne mfululizo mwezi wa pili, na wewe ulikuwa mwalimu wake, na sikukuuliza kitu kwa sababu ya undugu. Alijifunza kufunga mdomo, akafaulu sana. Sasa mnashangaa mbona mdomo haufunguki kwa simu.

Halafu Mkuu wenu anaandikia wazazi barua za Kiingereza cha mawakili. Maryam, mke wa Omar mwenye duka hapa kwa geti, aliniletea yake nimsomee. Mimi na Form Two yangu tulihangaika nayo jioni nzima. Tulichoambulia ni kwamba watoto watarudishwa darasa. Maryam aliikunja akaniuliza mara mbili kama Hafsa wake pia yumo. 

Basi usiaibike tena mbele ya watu. Kuanzia Ijumaa hii utapata sauti zote tisa. Nitawarekodi mwenyewe kwa simu yangu. Usiniulize zaidi, nina maziwa jikoni.

Jebet


Malava
20 Julai 2020

Mpendwa wifi,

Sijui nianze na shukrani au na habari. Gideon alifika hapa wiki iliyopita, amekonda, ametuletea samaki wa Uganda na kulala siku mbili. Mama sasa anatembea na fimbo hadi kwa jirani kumsengenya jirani mwingine. Mwambie Mama mkwe kwamba mwezi wa tisa nitakuwa nimerudi, Mungu akipenda.

Jebet, umenifuta machozi. Ijumaa saba sasa, sauti tisa kila Ijumaa, hakuna hata moja iliyochelewa. Mkuu amenitaja kwenye mkutano kama mwalimu anayejua kuongea na wazazi. Niliposikia hivyo nilijuta ukali wa barua yangu ya kwanza, na nakuomba msamaha kwa ile ya kuchezea masomo.

Alama zao ninakuandikia wewe kwanza. Brenda wa Macharia amezidi matarajio. Anasoma kwa kujiamini, kila neno limekaa mahali pake, nikamtumia Mkuu mwenyewe asikie, naye amesema sauti hiyo ni hazina ya shule. Linet amefikia matarajio. Ningempa zaidi ila niliogopa watu waseme ni undugu. Nilifurahi kumsikia, kwa sababu darasani hakuwahi kufungua mdomo kwa Kiingereza hata siku moja. Watoto wa Muigai wamefikia, wa Okeyo anakaribia, na wale wengine wamo katikati.

Aliye chini ni Hafsa peke yake. Ananisikitisha. Maneno anayatoa yote, siwezi kusema uongo, lakini ni lafudhi ya dukani, mtu anasoma kama anayehesabu pakiti za sukari. Hakuna Kiingereza nyumbani kwao na hilo linasikika. Mkuu ametaka majina matano ya watakaorudi Gredi ya Kwanza. Kutoka ploti yenu nimepeleka hilo moja tu, uone nilivyowatetea.

Maryam usimwambie kwanza. Ataelewa nini? Barua itamfikia Omar wakati wake, naye ni mwanamume wa biashara, atajua la kufanya.

Wako mwenye furaha,
Nanzala


Huruma, Eldoret
9 Septemba 2020

Nanzala,

Mama hajambo. Linet hajambo. Viazi vya Burnt Forest vimepata ugonjwa lakini tutakula vilivyobaki. Nimechelewa kukujibu wiki saba, na najua uliuliza kwa Gideon kama nimeugua. Sikuugua. Kila nikishika kalamu naona aibu, halafu aibu inageuka hasira, na hasira yenyewe sijui niielekeze wapi. Leo nimeamua nusu yake ni yako.

Sauti zote tisa ni za Hafsa.

Soma tena kama hukuelewa. Brenda ni Hafsa. Linet ni Hafsa. Wale mapacha wa Muigai, wote wawili, ni Hafsa. Yule wa Okeyo anayekaribia ni Hafsa akiwa na homa ya mafua.

Ilianza bila hila. Ile Ijumaa ya kwanza nilimkalisha Linet kwa ngazi, nikabonyeza simu, akaangalia ukurasa akaanza kulia. Hafsa alikuwa ameketi hapo anamenya viazi vyangu, akamwambia, "Wacha nikuonyeshe, si ngumu." Akasema jina la Linet kwa Kiingereza, gredi ya pili, akasoma mpaka mwisho bila kukwama. Mimi nikadhani ni Linet amejaribu, kwa sababu nilikuwa nimegeuka kuzuia maziwa yasimwagike, na bando lilikuwa linaisha saa hiyohiyo. Nikatuma. Dakika tano baadaye ukanijibu, "Hongera Linet!" na zile picha za makofi.

Ningekwambia siku hiyo, nilipogundua si yeye. Lakini mama mapacha alikuwa amesimama hapo ameona makofi, akasema, "Si basi asomee na wangu?" Na Okeyo akaja. Na Macharia, yule yule anayetupigia kelele ya kodi, akamleta Brenda mwenyewe kwa mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Na huyu pia, lakini isitoke hapa." Yeye ni naibu mwenyekiti wa wazazi, hawezi kuwa na mtoto wa kulia. Hafsa hakukataa mtu. Alikaa kwa shangazi yake Nairobi mpaka akafika miaka sita, nursery ya huko ilikuwa ya Kiingereza, kwake ni lugha ya kuchezea. Alikuwa anasoma wote wanane, halafu yake anaisoma mwisho, amechoka na simu imebaki na chaji kidogo.

Sasa niambie, Mwalimu. Ulisikia nini? Mtoto ni mmoja, ukurasa ni mmoja, siku ni moja. Akisema anaitwa Brenda ni hazina ya shule. Akisema anaitwa Linet amefikia, tena unamzuilia alama kwa ajili ya undugu. Akisema jina lake mwenyewe, ghafla anahesabu sukari! Hiyo lafudhi ya dukani ilitoka wapi, na ilikuwa imejificha wapi alipokuwa Brenda? Nimeuza maziwa miaka kumi na moja na bado sijawahi kuonja mkebe mmoja nikasema huku ni tamu na huku ni maji.

Linet umembeba mgongoni akiwa na wiki tatu. Na hukujua kwamba si yeye.

Nimedanganya, ndiyo, na sitajitetea zaidi ya hapo. Nilikaa kimya wiki saba kwa sababu nikisema, Linet wangu ndiye anaanguka. Na Macharia atanitoa kwa nyumba. Nilijiambia Hafsa ana akili, hata akirudi Gredi ya Kwanza atapanda haraka. Huo ndio upuuzi mtu anajiambia akiwa na mtoto wa kuokoa. Juzi nikamwona amekaa kwa ngazi anawafundisha wadogo kusema jina lao na umri wao kwa Kiingereza, Linet akiwa mmoja wao, naye Linet alikuwa anajibu. Kwa sauti. Nikaingia ndani nikajifunika leso usoni.

Toa jina la Hafsa kwenye hiyo orodha. La Linet liweke ukitaka.

Jebet


Malava
3 Oktoba 2020

Jebet,

Mama anatembea bila fimbo. Sitaandika habari nyingine.

Umenifanya mjinga mbele ya shule nzima. Mwezi wa sita mpaka wa tisa! Nilikuwa nimesimama kwenye matope ya posho mill, watu wakinipita na magunia yao ya mahindi, nimebandika simu sikioni, naandika maoni ya kila mtoto kwa mkono, mtoto mmoja mmoja, kumbe ninyi mmekaa kwa ngazi mnacheka. Wewe wifi yangu. Kama ni mtu baki ningeelewa. Na unadhani umemsaidia nani? Wale wanane hawajasoma neno. Miezi minne imeenda na maji. Ungeniambia wanashindwa, ningepunguza, ningetuma mambo ya kwao, ningetafuta njia.

Hapo niliikatiza barua hii kwa siku nne. Naendelea leo.

Jana nilizifungua zote, moja baada ya nyingine, na sikuangalia jina. Nilimwambia mwanangu mkubwa abonyeze yeye. Ni mtoto mmoja. Hata mtu aliyelala angejua. Anavuta pumzi kabla ya kila sentensi, anaharakisha kidogo mwishoni. Kwa Brenda niliandika kwamba huko kuharakisha ni kujiamini. Kwa Hafsa niliandika kwamba ni kutojali. Maandishi ni yangu, nimeyaona.

Nimejiuliza kama nilisikiza vibaya kwa sababu ya network. Si network. Niliona jina, nikasikia duka. Nilisikia kabisa, Jebet, naweza kuapa nilisikia. Hilo ndilo linanitisha, kwamba sikuwa nadanganya.

Na kuhusu kibao cha shingoni, nilikiandika mimi kwa kalamu yangu. Katika barua yangu ya pili nilikiruka makusudi.

Nitamwandikia Mkuu. Jina la Hafsa litatoka.

Nanzala


Huruma, Eldoret
30 Novemba 2020

Wifi,

Nyumbani tuko salama, na nashukuru kusikia mama amepona. Gideon alipita hapa akala ugali wa watu watatu. Mama Burnt Forest anauliza mbona mwezi wa tisa ulipita.

Nataka jibu la swali moja. Ulimwandikia Mkuu au hukumwandikia?

Omar amepata barua yake Alhamisi. Hafsa anarudi Gredi ya Kwanza. Linet anaendelea na Gredi ya Pili. Brenda anaendelea, tena ana zawadi.

Kuna jingine. Shule yenu imeanza kutafuta wanafunzi wa Januari. Wamekodi pikap yenye vipaza sauti, inazunguka Huruma, Kimumu, mpaka mjini. Jumamosi saa nne nilikuwa nimepeleka maziwa kwa Omar, duka limejaa. Hafsa alikuwa nyuma ya kaunta anapima sukari ya robo. Gari likapita polepole, muziki ukanyamaza, na sauti ya mtoto ikaanza kwa Kiingereza: jina langu ni Brenda, niko gredi ya pili. Halafu ule ukurasa wa kasri la mchanga.

Hafsa akaacha kijiko. Akasema, "Hiyo ni mimi."

Mama mmoja aliyekuwa anangoja unga akacheka. "Wewe nawe! Si amesema anaitwa Brenda?"

"Ni mimi, baba," akamwambia Omar.

Omar akamuuliza, "Ni wewe aje?"

Na yule mtoto akaniangalia. Alingoja niseme. Watu wote wakageuka wakaniangalia. Mama wa Brenda alikuwa hapo kwa mlango, mke wa mwenye nyumba yangu.

Nikasema, "Omar, toa maziwa kwa jua, yataharibika."

Ndivyo nilivyosema. Hafsa akarudi kupima sukari. Gari lilikuwa limefika kona na bado linasoma.

Nimekasirika nawe sana. Ningekuwa na mahali pa kusimama ningekasirika zaidi. Kama uliandika na Mkuu akakataa, niambie nijue ni nani wa kupigana naye. Kama hukuandika, niambie pia.

Jebet


Malava
9 Desemba 2020

Wifi,

Sikuandika.

Niliandika, lakini barua ilikaa kwenye mfuko wa sweta yangu ya kanisani tangu Oktoba. Wiki ileile Mkuu alipiga simu akasema Januari hatawaita walimu wote, ataita wanaofanya kazi bila matatizo. Nikasema nitaituma nikishaitwa. Nikaitwa. Nikasema nitaituma nikifika. Mtu akitaka kuogopa hakosi tarehe.

Nilipomaliza kusoma habari ya gari nilipanda posho mill saa hiyohiyo. Nimemtumia Mkuu barua, na rekodi zote tisa kwa mpangilio, na yale maoni yangu chini ya kila moja, sikubadilisha hata nukta. Nimeandika kwamba alama zote ni za mtoto mmoja anayeitwa Hafsa Omar, na kwamba watoto wengine wanane sijawahi kuwasikia, nao wasihukumiwe kwa kitu ambacho hatukuwafundisha. Nimesema kosa la rekodi ni la mzazi mmoja, kosa la masikio ni langu. Jina lako sikulitaja. Macharia atalikisia mwenyewe.

Mkuu amenijibu leo kwa mistari miwili. Nisifike Januari. Gari litaendelea, kwa sababu matangazo yameshalipiwa.

Nimemweleza Gideon usiku uliopita. Aliniuliza tu kama yule mtoto ameambiwa. Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

Tutaonana kwa Mama mkwe Krismasi kama bado mnanitaka.

Nanzala


Huruma, Eldoret
12 Januari 2021

Wifi Nanzala,

Ulipoondoka Burnt Forest mama alikuwa anakusifu kwa chapati, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mimi nimehama. Macharia alinipa wiki mbili, nikapata chumba nyuma ya msikiti, kina jua la asubuhi na mfereji wangu mwenyewe, kwa hiyo aendelee na ploti yake.

Shule zimefunguliwa, na gredi zimeendelea pale zilipokatika Machi. Omar amemtoa Hafsa kwenye akademia, amempeleka shule ya serikali ng'ambo ya barabara, nao wamemweka Gredi ya Pili na wenzake bila maneno mengi. Linet nimempeleka hukohuko. Mwalimu wao ni mzee fulani wa sweta ya kijani, darasa lake lina watoto themanini na mmoja. Siku ya kwanza alimuuliza Linet kwa Kiswahili, "Wewe unajua hadithi gani?" Akaongea mpaka wakampigia kengele. Mzee akamwambia sawa, sasa tutaitafutia maneno ya Kiingereza pole pole. Nilikuwa nimesimama dirishani, na sikujua nimshukuru au nimuulize alikuwa wapi mwaka wote.

Lakini si hilo nataka kukuambia. Jumapili, kabla watoto hawajaingia shule, nilienda kwa Maryam kumweleza. Nilikwepa Krismasi nzima. Nilibeba barua zako zote, na zangu nikamwambia Gideon azitoe kwako anirudishie, unakumbuka uliniuliza ni za nini. Nilitaka aone kwamba tulimpigania mtoto wake. Nilitaka nimsomee zile sehemu nzuri.

Maryam alinipokonya, kwa adabu lakini alipokonya. Alizipanga kwenye kaunta kwa tarehe. Akavuta kiti. Akasoma kuanzia Mei, pole pole, huku akiwauzia watu, na kila akimaliza moja anaiweka kifudifudi. Mimi nimesimama na leso mkononi kama mtoto aliyeitwa ofisini. Alipofika kwa Julai, pale ulipoandika asiambiwe, ataelewa nini, aliweka kidole hapo akaurudia mstari huo.

Nikasema, "Maryam, sikujua unasoma."

Akasema, "Kiingereza ndiyo sijui, Mama Linet. Kiswahili nilisoma Isiolo mpaka darasa la nane. Hukuniuliza."

Nikaanza kumwomba msamaha, nikamweleza nilivyokasirika, ulivyokasirika, tulivyogombana hadi kazi ikaenda na nyumba ikaenda. Alinisikiza mpaka mwisho. Halafu akazikusanya barua, akazisawazisha kando kwa vidole, akanirudishia.

"Miezi nane mnaandikiana juu ya mtoto wangu," akasema. "Huyu amekasirika, wewe umekasirika. Na mimi nilikuwa hapa kwa geti. Hata mmoja wenu hakuniandikia mimi."

Akamhudumia mtu wa majani chai. Nikaenda nyumbani.

Nimeweka ndani bahasha tupu yenye stempu. Jina lake nimeliandika mimi, mengine uyaandike wewe. Barua yangu mimi nimeshampelekea Maryam asubuhi, na bado hajajibu.

Jebet